Jina lako, Yusufu

Mwanangu Yusufu,

Salaam aleikum. Umeniambia kazini kuna Joseph, kuna José na Giuseppe, nao wanadai kuwa ni somo zako. Wakubwa wako wameamua kukuita Joseph, na unauliza kama kweli ni jina moja na kama kuna ubaya.

Jina ni moja. Asili yake ni Kiebrania, Yosef, maana yake "ataongeza". Raheli, mke wa Yakobo, alikaa miaka bila mtoto huku dada yake akizaa kila mara. Alipompata huyu, papo hapo akamwomba Mungu amwongezee mwingine, na ombi hilo ndilo likawa jina. Ndiyo sababu nililichagua. Miaka saba nililala nikiomba kama yeye, na ulipozaliwa sikutaka kusikia jina jingine, hata baba yako alipotaka la babu yake. Wazungu walilipata kupitia Kigiriki na Kilatini. Sisi wa pwani tumelitoa kwa Waarabu, pamoja na sura nzima ya Kurani, ya 12, yenye aya 111.

Sasa nikusimulie Yusuf wa hapa Mombasa, Yusuf bin Hasan. Baba yake, Sultani Hasan, aliuawa mwaka 1614 kwa hila za Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, huko India kwenye makao ya Wareno, akalelewa na mapadri, akabatizwa Jerónimo. Alirudi kutawala akiwa na mke Mkristo na jina hilo la Kireno. Agosti 1631 akaingia Ngomeni, yaani Fort Jesus, na watu wake, akamuua kapteni wa Wareno, akarudia dini yake na jina alilopewa na baba yake. Sikufichi, mwanangu: Wakristo wengi waliokataa kusilimu waliuawa siku zile, hata wenyeji, na hilo silisifu. Mwaka uliofuata aliihama Mombasa, akawa mtu wa baharini, mpaka akafia upande wa Bahari ya Shamu. Kila nikipita Ngomeni namfikiria yule mtoto anayeitwa Jerónimo kule Goa, hana wa kumwita Yusuf.

Kongo nako rais wa kwanza, Kasavubu, alikuwa Joseph. Mobutu aliyempindua naye alikuwa Joseph, akalivua mwaka 1972 na kuwaamuru raia wote wavue majina ya Kizungu. Mwaka 2001 akashika nchi Joseph mwingine, Kabila. Mimi naona Mobutu alikosea hapo: jina lililotoka kinywani mwa Raheli halikuwa la Mbelgiji.

Kwa hiyo anayekuita Joseph kwa kuwa ndivyo ulimi wake unavyolitamka, mwitikie. Lakini Ijumaa ile nilipopiga simu, uliipokea bila kutazama ukasema, "Joseph hapa." Wewe mwenyewe ukijitaja, sema Yusufu. Nakuomba hilo tu.

Baba yako anakusalimu. Amepata nafuu ya mguu.

Mamako