Laptopu ya i5 Itacheza FC 25?

SWALI: Salaam aleikum fundi. Nilimnunulia mwanangu laptopu ya mtumba, HP EliteBook 840 G3, i5, RAM GB 8. Sasa hanipi usingizi, anataka nimlipie gemu la mpira la EA Sports FC 25. Anasema mahitaji ya chini ni i5 na kadi ya grafiki ya GB 4, na amenionyesha kwenye skrini zaidi ya MB 4000. Muuzaji naye anasema niongeze RAM ifike 16 ndipo gemu liende. Nimsikize nani? – Baba, Likoni

JIBU: Waaleikum salaam, mzee wangu. Pesa zikae mfukoni kwanza. Kijana hajasema uongo, ila amesoma nusu.

Hizo MB 4000 zinawababaisha wengi wanaonijia hapa Kongowea. Bila shaka alibonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, akaandika dxdiag, akafungua Display. Pale juu panatajwa jumla. Mwambie ateremshe macho mistari inayofuata: kwa mashine kama hiyo, kumbukumbu ya grafiki yenyewe kwa kawaida ni MB 128 tu. Zilizobaki zimeandikwa Shared, yaani zinaazimwa kwenye RAM ileile inayoendesha Windows. Kadi inayotakiwa na gemu, GTX 1050 Ti, ina GB 4 zake mwenyewe. Ya kwenu ni Intel HD 520, imo ndani ya prosesa (ubongo wa kompyuta, yaani hiyo i5), na hakuna fundi atakayeing'oa aweke nyingine.

Kwa hivyo ukiongeza RAM, umeongeza pa kuazima, hukuongeza nguvu. Kama sasa kuna kijiti kimoja cha RAM, cha pili kitaisaidia grafiki kidogo, kwa sababu viwili husomwa kwa pamoja. Lakini si kwa FC 25.

Na hiyo i5? Gemu linataka i5-6600K. 840 G3 nyingi za mtumba zina i5-6300U. Zote mbili ni kizazi cha sita, zote za 2015. Ya K ni ya kompyuta ya mezani: kori (sehemu zinazofanya hesabu) nne, mwendo wa GHz 3.5, wati 91. Ya U ina kori mbili, GHz 2.4, wati 15, imeundwa kutunza betri. Muuzaji akikutajia "i5" bila namba na herufi ya mwisho, ni kama kukuuzia samaki bila kusema ni changu au ni dagaa. Tena na joto letu la kaskazi, feni ikishajaa vumbi, prosesa hupunguza mwendo yenyewe.

Mpira atacheza, asikate tamaa. PES 2017, gemu la mpira la zamani, itakwenda akishusha ubora wa picha. Akishikilia FC 25, wekeni akiba ya kompyuta ya mezani yenye i5-8500 na GTX 1050 Ti; kadi hiyo mara nyingi haihitaji waya wa ziada wa umeme. Ila mchukue kasha kubwa. Yale membamba ya maofisini kadi ya kawaida haiingii.

Bado anabisha? Steam, duka la magemu la mtandaoni, hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 na uwe umecheza chini ya saa 2. Lakini gemu lenyewe linataka nafasi ya GB 100 kwenye diski, na bando utakalomaliza kulishusha halirudishwi na mtu.