Uwanja wa vumbi, pesa ya pevingi hatuna

SWALI: Uwanja wetu hapa Chanika ni vumbi kiangazi, tope masika. Tufanyeje kwa gharama ndogo?

JIBU: Pandeni ukoka, vipande ombeni kwa jirani anayepalilia. Tifueni sentimita 10, kisha sawazisheni udongo uteremke kutoka ukutani, sentimita 2 kila mita, maji yasituame msingini. Changanyeni samadi iliyooza, ndoo moja kwa mita mraba. Mbichi huunguza mizizi na kuleta magugu.

Mvua zikianza, pandeni vipande vya vifundo vitatu kila sentimita 15: vifundo viwili vifukiwe, kimoja kibaki juu. Msikanyage kwa wiki sita (watoto watanuna). Chini ya mwembe msijisumbue, ukoka hautaki kivuli. Hapo mwageni kokoto.