Mwalimu mpya wa michezo, wape wanafunzi filimbi

Mwalimu mwenzangu uliyepangiwa sekondari huku Dodoma, na kabla hujazoea njia ya ofisini mkuu wa shule akakukabidhi michezo, karibu sana. Utasikia mengi kuhusu jezi, mipira na maandalizi ya UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Mimi nakuomba uanze na filimbi.

Mazoezini usichezeshe wewe kila siku. Mpe mwanafunzi, tena anza na yule anayebishana sana na waamuzi. Netiboli inafaa mno kwa kazi hii, maana sheria zake zinadai macho: aliyedaka mpira ana sekunde 3 tu za kuuachia, anayemkaba akae umbali wa mita 0.9, na kila mmoja wa wale wachezaji 7 ana maeneo yake asiyoruhusiwa kuyavuka. Binti aliyezoea kupiga kelele "Refa, huoni?" akichezesha robo moja tu, ataona ilivyo vigumu kufuata miguu ya mdakaji huku ukihesabu sekunde na kupima umbali wa mkabaji. Wenzake watamzonga. Usikimbilie kubadilisha uamuzi wake, hata kama amekosea. Anayebisha mweke benchi kidogo, mchezo uendelee. Mkimaliza, mwulize mbele ya wote ni uamuzi gani ulimpa shida, naye aeleze. Nimeona wabishi wakubwa wakitulia kwa njia hii kuliko kwa adhabu yoyote.

Kwenye mpira wa miguu, weka utaratibu kwamba nahodha peke yake ndiye anayezungumza na refa. Na rafu za kuteleza zikemee tangu wiki ya kwanza. Ardhi yetu wakati wa kiangazi ni ngumu na ina changarawe. Mtoto akivamia miguu ya mwenzake hapo, wote wawili wanachunika. Aliyeangusha ndiye amwinue aliyeanguka, mpira usubiri.

Sasa mamluki. Mashindano ya ngazi ya kata yakikaribia, atatokea mtu, pengine mtu unayemheshimu, akushauri uazime mshambuliaji wa shule nyingine au kijeba aliyekwisha maliza shule. Kataa. Kataa hata kama mtafungwa. Namba anayopewa huyo mamluki ilikuwa ya mtoto wako aliyefanya mazoezi kwenye vumbi na upepo wa Juni, na atakaa benchi akijua kabisa kwa nini. Wenzake nao watajua, kisha utawezaje kumwambia yeyote kati yao aheshimu filimbi?

Wachezaji wa akiba wape dakika kwenye mechi za kirafiki, wala usingoje hadi muwe mnaongoza.

Wasichana nao wachezeshe mechi za wavulana. Wiki za mwanzo wavulana wataguna, na hapo unatakiwa uwe umesimama karibu na mstari, waone kwamba uamuzi wa dada yao ni uamuzi wako.