Mlokole wa mrengo wa kushoto yupo kweli?

SWALI: Shikamoo anti. Mimi nimeokoka, nasali kanisa la Kipentekoste hapa Mbeya. Juzi kwenye grupu letu la vijana palichafuka, mwenzetu kasema mlokole akianza habari za haki za maskini na ubaguzi wa rangi huyo kashaingiwa na roho ya dunia, eti Marekani waliookoka wote ni wa Trump. Nikabisha ila sikuwa na ushahidi nikakaa kimya. Hivi nilikuwa napayuka tu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hukupayuka, ila mwenzako naye hajatunga, mwaka 2016 walokole wazungu karibu 8 kati ya 10 walimpa Trump. Lakini hilo neno wazungu lishikilie, maana weusi wengi wa kule wanaamini wokovu uleule na kura wanawapa Democrats, chama pinzani cha Trump.

Na wazungu wenyewe sio wote. Mwaka 1971 wanafunzi wa chuo cha uchungaji karibu na Chicago, kiongozi wao Jim Wallis, walianzisha kigazeti cha kupinga vita ya Vietnam, ndio baadaye kikaja kuitwa Sojourners. Walitafuta kila mstari unaotaja maskini, mmoja wao akachukua Biblia chakavu na mkasi akaanza kukata, kata kata kata, Amosi sijui imebaki nini, Luka matundu matupu, mpaka kitabu kikawa hakishikiki vizuri. Wallis akawa anazunguka nacho akihubiri, anakinyanyua juu watu waone, hii ndio Biblia yetu Wamarekani. Mimi hiyo stori kila nikiikumbuka nacheka halafu naona aibu kidogo.

Novemba 1973 walokole wa aina hiyo wakakutana Chicago, kwenye hosteli ya YMCA, aliyewaita ni mwanateolojia Ron Sider, wakasaini tamko la kutubu ubaguzi, uchu wa mali na kuwakandamiza wanawake. Kati ya waliosaini yupo John Perkins, mchungaji mweusi wa Mississippi ambaye miaka mitatu nyuma polisi walimpiga jela nusura afe, kisa kaenda kuwaulizia vijana waliokamatwa baada ya maandamano. Sasa huyo nani atamwambia ana roho ya dunia?

Angalia na miaka. Moral Majority, kundi la siasa la mhubiri Jerry Falwell, lile lililowabeba walokole kwa Reagan wa chama cha Republican, limeanza 1979, yaani hawa walitangulia. Walichokosa ni hela na televisheni, na wenyewe kwa wenyewe hawakuelewana. Hata Rais Jimmy Carter wa Democrats, mlokole kabisa aliyekuwa anafundisha Sunday school, 1980 aliposhindana na Reagan walokole wengi walimkimbia.

Ila usirudi grupuni ukasema hao ni Democrats waliovaa msalaba. Sider utoaji mimba aliupinga mpaka anafariki 2022, na silaha za nyuklia alizipinga vilevile, kwake yote ni uhai. Wakikuuliza huyo ni chama gani, hapo jiandae kukesha.