Chora grafu kabla hujaamini wastani

Mtambo ukiharibika mara kwa mara, swali la kwanza kuulizwa ni: kwa wastani unafanya kazi saa ngapi kabla ya kuharibika? Katika kazi yangu ya matengenezo, jibu la swali hilo peke yake halijawahi kuniambia nifanye nini. Wastani wa saa 4,000 unaweza kutokana na beringi (vipande vinavyoshikilia mhimili unaozunguka) zilizofungwa vibaya, nyingi zikifa mapema na chache zikidumu sana. Unaweza pia kutokana na beringi zinazochakaa zote karibu wakati mmoja. Hizi za pili zinahitaji kubadilishwa kwa ratiba. Zile za kwanza ukizibadilisha kwa ratiba, unazirudisha kwenye kipindi chao cha hatari.

Grafu ya uwezekano, inayoonyesha ni asilimia ngapi ya vifaa huwa vimeharibika kufikia saa fulani, inatofautisha hali hizo mbili. Mimi hutumia ya Weibull, yenye jina la mhandisi wa Uswidi Waloddi Weibull, aliyeeleza kwa upana mgawanyo wa takwimu ulio nyuma yake, yaani namna saa za kuharibika zinavyotawanyika, katika makala yake ya 1951. Panga saa za kuharibika kuanzia ndogo. Chukua namba ya mpangilio, toa 0.3, kisha gawanya kwa idadi ya vifaa vyote ukiongeza 0.4. Kwa vifaa 5, cha kwanza kinakaa asilimia 13, cha pili 31.5, cha tatu 50. Weka nukta kwenye karatasi ya Weibull, yenye vipimo maalumu vya saa upande mmoja na asilimia upande mwingine; zikinyooka, tazama mteremko. Chini ya 1, vifaa vinakufa vichanga. Karibu na 1, umri hauna neno. Ukizidi 1, vinachakaa. Mstari unapokata asilimia 63.2 unasoma umri wa kifaa unaotumika kulinganisha.

Kinachoniuma ni kuona vifaa ambavyo bado ni vizima vikiachwa nje ya hesabu. Chukua pampu 20: 3 zimeharibika, 17 zinaendelea na zote zimeshapita saa za ile ya tatu. Ukihesabu zilizokufa tu, ile ya tatu inakaa asilimia 79. Ukihesabu zote, ni asilimia 13. Kwa hesabu ya kwanza utaagiza vipuri ambavyo hakuna anayevihitaji. Kwa hiyo kila unapoandika saa za kifaa, andika pia kama kimekufa au bado kinafanya kazi.

Na mstari ukipinda, usiulazimishe kwa rula. Kuna pampu tulizochora, nukta za mwanzo zikalala, kisha zikapanda kwa ghafla. Tulirudi karakana tukazikagua zilizofunguliwa: zilizokufa mapema zilikuwa na sili (vizuizi vya kuvuja) zilizokatika ukingoni wakati wa kufungwa, zilizokufa baadaye zilikuwa na beringi zilizolika. Tukachora kila aina peke yake. Kwenye grafu ya sili, pampu zilizokufa kwa beringi tukazihesabu kuwa nzima hadi saa ambayo kila moja ilitolewa kazini. Mteremko wa sili ukatoka chini ya 1. Ratiba ya kubadilisha sili tukaiacha kama ilivyokuwa, nguvu zote tukazipeleka kwenye namna mafundi wanavyozifunga.