Je, ni vidonda vya tumbo au vijiwe vya nyongo?

Swali: Daktari, nina umri wa miaka 38 na watoto watatu. Mwaka mzima nimetibiwa vidonda vya tumbo bila kupata nafuu. Maumivu hunishika usiku, hasa nikila chipsi, chini ya mbavu za kulia, kisha hupanda hadi begani. Juzi altrasaundi imeonyesha vijiwe kwenye kifuko cha nyongo. Nimeshauriwa upasuaji, lakini jirani ananihimiza ninywe mafuta ya zeituni na maji ya limau, kwani vijiwe vyake anasema vilitoka vyote chooni.
*Mama wa watatu, Morogoro*

Jibu: Pole, dada. Aliyewahi kupasua kuku anakijua kile kifuko cha kijani kilichoshikamana na ini, ambacho kikitoboka nyama huwa chungu. Chetu nacho hukaa hapo hapo, kikihifadhi nyongo inayotengenezwa na ini hadi chakula chenye mafuta kifike, ndipo kinapojikamua na kuimimina kwenye utumbo. Nyongo ikizidiwa na kolesteroli huganda taratibu na kuwa vijiwe, na kimojawapo kikiziba shingo ya kifuko wakati kinajikamua, huzuka maumivu kama yako, ambayo dawa za vidonda haziwezi kuyagusa. Wanawake huathirika zaidi, kwa kuwa homoni za ujauzito huongeza kolesteroli katika nyongo na kukilegeza kifuko. Unene, na hata kupungua uzito kwa kasi, huchangia pia. Wagonjwa wa selimundu hupata vijiwe vyeusi vitokanavyo na kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu, wengine wangali watoto.

Jirani yako hasemi uongo kuhusu alichokiona. Mafuta mengi yakichanganyika na limau tumboni hufanya vidonge laini vya kijani, ambavyo vikichunguzwa huonekana kuwa aina ya sabuni, huku vijiwe vyenyewe vikibaki palepale. Ninachohofia ni kwamba mafuta hayo hukilazimisha kifuko kujikamua kwa nguvu, na kijiwe kidogo kinaweza kusukumwa hadi kwenye mrija wa nyongo na kukwama humo.

Asiye na dalili yoyote kwa kawaida huachwa bila kupasuliwa, lakini wewe unaumwa, kwa hiyo nauunga mkono ushauri uliopewa. Siku hizi upasuaji mwingi hufanyika kupitia matundu madogo, na kifuko hutolewa chote, maana vikitolewa vijiwe peke yake vingine hujitengeneza. Bila kifuko, nyongo hutiririka moja kwa moja kutoka kwenye ini hadi utumboni. Wengine huharisha kwa muda, kisha hali hutulia. Dawa za kuyeyusha zipo, ila hufaa kwa vijiwe vidogo vya kolesteroli tu, huchukua miezi mingi, na mara nyingi vijiwe hurudi.

Unaposubiri tarehe, punguza vyakula vya kukaanga. Maumivu yakiendelea kwa muda wa zaidi ya saa 6, ukipata homa, macho yakiwa ya njano au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, usisubiri tarehe hiyo: nenda hospitali usiku huo huo, ukiwa na majibu yako ya altrasaundi mkononi.