Pima Kebo Kwanza: Kwa Fundi Mpya Anayefunga Stima Penye Maji

Ukiingia duka la vifaa vya stima hapa Kisumu kutafuta glandi, yaani kifaa cha kuziba pale kebo inapoingia kwenye boksi, muuzaji atakuuliza, "Ya ngapi?" Vijana wengi waliomaliza chuo juzi hujibu "ishirini," kwa sababu tundu la boksi ni la milimita 20. Jibu hilo linamweleza muuzaji habari za boksi peke yake. Kuhusu kebo hajaambiwa chochote, na kebo ndiyo inayotakiwa kuzibwa. Ndiyo maana kila kijana anayekuja kufanya kazi nami namwomba anunue vernia, kile kipimio cha unene, kabla hajafikiria drili.

Glandi ina shina lenye meno, raba ndani yake, kofia ya kubana raba hiyo, na loknati, nati ya kukazia, inayokaa ndani ya boksi. Kuna pia waisha ya raba inayolala kati ya shina na ukuta wa boksi. Maji huzuiwa mahali pawili: pale raba inapolikumbatia ganda la kebo, na pale waisha inapoukalia ukuta. Mahali pamoja pakikosea, hapo pengine hapasaidii.

Kwenye mfuko au karatasi ya glandi nzuri utakuta namba mbili. Ya kwanza ni ya meno, kwa mfano M20. Ya pili ni unene wa kebo unaokubalika, kwa mfano milimita 6 hadi 12. Hiyo ya pili ndiyo ya kutazama zaidi, maana M20 ya kiwanda kimoja hushika 6 hadi 12 na M20 nyingine, yenye meno yale yale, hushika 10 hadi 14. Ukikaa mwisho kabisa wa kipimo, raba inafanya kazi kwa taabu. Kebo ya milimita 6 ndani ya glandi ya 6 hadi 12 itabanwa kwa shida, chukua M16. Nami napenda kebo iangukie karibu na katikati. Fleksi, yaani kebo laini ya duara, ya nyaya tatu za milimita mraba 2.5 huwa karibu milimita 10 hadi 12 kwa unene wa nje, lakini viwanda vinatofautiana, kwa hivyo pima ile uliyoishika mkononi. Pima mahali pawili au patatu, kwa sababu kebo za bei rahisi hazina uduara unaolingana.

Na ikiwa kebo ni nyembamba kuliko glandi, tafadhali usiizungushie tepu ili inenepe. Nimeona hilo mara nyingi mno. Tepu ina ngazi pale inapopandiana, na maji hupita katika ngazi hiyo. Jua likipiga, gundi inayeyuka na tepu inateleza. Kununua glandi ya saizi sahihi ni pesa ndogo ukilinganisha na kuitwa tena kubadilisha mota.

Sasa hili la twini, ile kebo bapa ya kufungia nyumba, ambalo kwa maoni yangu ndilo linaharibu kazi nyingi za nje kuliko yote. Nyumba zetu nyingi zimefungwa kwa twini bapa yenye erthi, na roli huwa imebaki, basi fundi anapotoa taa hadi getini au stima hadi pampu ya kisima anaendelea na ile ile. Halafu anaipitisha kwenye glandi ya duara. Raba ya duara ikibana kebo bapa inagusa juu na chini, pembeni panabaki pengo pande zote mbili. Kaza utakavyo, pengo halifungi, na ukizidisha unalipasua ganda. Ukichukua kipande cha twini ukakifunga ndani ya glandi, kisha ukatazama dhidi ya mwanga, utaliona lile pengo kwa macho yako. Fanya hivyo leo, hata mezani, kabla hujapata kazi yoyote. Ipo raba maalumu yenye tundu bapa, hasa kwa kebo za pampu za kuzamisha, na ukiipata itumie. Usipoipata, badilisha kebo: kutoka boksi la ndani kwenda nje tumia kebo ya duara. Twini yenyewe haikutengenezwa kukaa juani. Ganda lake jeupe au la kijivu hukauka na kupasuka likiachwa nje bila paipu. Kosa lile lile ni kupitisha kebo mbili ndani ya glandi moja. Kati yake hubaki mfereji ambao hakuna raba ya tundu moja inayoweza kuufikia. Kama nafasi ni finyu, zipo raba za matundu mawili au matatu. Vinginevyo toboa tundu la pili.

Kuhusu meno, ujue kwamba bado utakutana na PG madukani, hasa mizigo inayotoka Uchina. PG ni mfumo wa zamani wa Ujerumani, nao Ulaya iliuacha ikahamia kwenye meno ya metriki mwishoni mwa miaka ya 1990. Tatizo ni kwamba PG13.5 ina kipenyo cha milimita 20.4 na M20 ina 20. Kwa jicho ni ndugu. Loknati ya moja ukiiweka kwenye nyingine inacheza au inakwama njiani, nawe unadhani imekaza. Usichanganye mifuko. Ukitoboa, PG9 inataka kama 15.2, PG11 kama 18.6, PG16 kama 22.5, na za M zinafuata jina lake. Tundu liwe kubwa kwa nusu milimita hivi, lisizidi, maana waisha inahitaji ukuta wa kukalia.

Tuje kwenye IP, namba ya kinga dhidi ya vumbi na maji, ambayo wateja wanaipenda na wauzaji wanaitumia vibaya. Tarakimu ya kwanza ni vumbi, 6 ikiwa ndiyo kinga kamili. Ya pili ni maji. IP65 imejaribiwa kwa maji ya mpira wa kawaida, IP66 kwa maji yenye nguvu zaidi, lita 100 kwa dakika. IP67 imejaribiwa kwa kuzamishwa hadi mita 1 kwa nusu saa. IP68 ni kuzama kwa muda mrefu, kwa kina na muda anaoutaja mtengenezaji mwenyewe. Watu hudhani namba kubwa imemeza zote ndogo. La. Kitu kilichopita jaribio la kuzama si lazima kiwe kimepita la kurushiwa maji. Kwa kaawashi za pale ufuoni, ambako mashine ya presha inaelekezwa popote, natafuta glandi iliyoandikwa IP66 pamoja na IP68, na kama maji ni ya moto na presha ni kubwa, IP69. Kwa posho mili ya Nyalenda adui ni unga, basi tarakimu ya kwanza ndiyo inayonishughulisha. Nakuru nako, kiangazi, vumbi linaingia kila tundu. Huko mafundi wanajua shida hii vizuri kuliko sisi wa ziwani.

Kumbuka pia kwamba glandi ya IP68 kwenye boksi la IP55 inakupa boksi la IP55. Na glandi ya IP68 haikupi ruhusa ya kuzika boksi la kuungia chini ya maji ya kisima. Kiungio cha pampu ya kuzamisha hufungwa kwa resini au kwa mirija ya plastiki inayosinyaa kwa moto yenye gundi ndani.

Kuna jambo ambalo vijana hawalitarajii, nalo linahusu hali ya hewa yetu. Kisumu mchana jua linapiga boksi la juu ya ukuta mpaka mkono hauwezi kukaa. Hewa ndani inapanuka na sehemu yake inatoka kupitia mianya isiyoonekana. Jioni mvua ya radi inashuka kwa ghafla, boksi linapoa kwa dakika chache, na hewa iliyobaki inasinyaa. Boksi linavuta. Kama kuna tone limekaa kwenye ukingo wa kofia ya glandi, linavutwa ndani. Na hata tone lisipokuwepo, hewa yenye unyevu inaingia na kugeuka maji usiku. Hivi ndivyo boksi ambalo halijawahi kurushiwa maji linavyokutwa na kijiko cha maji sakafuni, skrubu za kiungio zimeota ukungu wa kijani, na waya wa erthi umekuwa mweusi. Mwenye nyumba anaapa kwamba mvua haifiki pale, na anasema kweli.

Dawa yake ina sehemu tatu. Glandi ziingie kwa chini ya boksi kila inapowezekana, kamwe zisiingie kwa juu. Kebo inayotoka juu ishuke ipite boksi, ipinde, ipande tena kuingia, ili maji yadondoke pale inapopinda badala ya kuifuata kebo hadi kwenye raba. Na kwa boksi kubwa au la juani kutwa, weka kizibo cha kupumulia, kile chenye utando unaopitisha hewa na kuzuia maji. Kinauzwa chenye meno yale yale ya M12 au M20. Bei yake inashtua kidogo. Kwa boksi la pampu ya jua shambani Ahero nisingekiacha.

Kufunga kwenyewe. Toboa, kisha safisha ukingo kwa tupa, kwa sababu kipande kidogo cha chuma au plastiki kilichosimama kinainua waisha. Waisha ikae nje ya boksi, kati ya shina na ukuta. Ukiiweka ndani pamoja na loknati, maji yatapita katika meno. Kaza loknati ukiwa umeshika shina kwa spana ya pili. Pitisha kebo mpaka ganda la nje, zima na safi, livuke raba na kuingia ndani ya boksi milimita 10 au zaidi. Hapa kuna kasoro ya siri: mtu anamenya kebo mapema mno, raba inabana nyaya za ndani badala ya ganda, na kwa nje glandi inaonekana imefungwa vizuri. Kisha kaza kofia kwa mkono, malizia kwa spana mpaka raba itokeze kidogo kuizunguka kebo. Ukiona raba imefura na kujikunja, umepitiliza. Glandi ya nailoni iliyokazwa kupita kiasi haipasuki siku hiyo. Inapasuka baada ya miezi ya jua. Usitumie pulaisi, inakwangua kofia na huna hisia ya nguvu unayoitia. Kebo itoke kwenye glandi ikiwa imenyooka kwa kiasi, ndipo ipinde, na klipu ya kwanza iwe karibu. Kebo inayovutwa upande inafungua raba upande wa pili.

Nje nachagua nailoni nyeusi, kwani nyeupe na kijivu nyingi huchoshwa na jua mapema. Penye mtikisiko, panya au mikono mingi, nalipia shaba iliyopakwa nikeli. Karibu na mafuta ya mashine uliza raba ni ya aina gani: ya nitrili huvumilia mafuta, ya EPDM huvimba.

Kebo iliyovikwa nyuzi za chuma ina glandi zake za shaba. Herufi za kukumbuka ni BW na CW. BW hushika nyuzi za chuma tu, haina raba ya kuziba ganda la nje, kwa hiyo ni ya ndani penye ukavu. CW ina raba hiyo, na ndiyo ya nje. Soksi ya plastiki inayovishwa juu ya BW haiifanyi kuwa CW, hata muuzaji aseme nini. Zile nyuzi zitandaze sawasawa kuizunguka koni ya glandi, zisipandiane. Na usisahau kipande cha erthi kinachokuja na glandi: kwenye boksi la plastiki nyuzi hizo hazigusi erthi popote mpaka wewe uziunganishe kwa waya na bolti. Mtu akichoma jembe ndani ya kebo hiyo shambani, ni muungano huo utakaomlinda.

Silikoni naiweka mwisho kwa makusudi. Haichukui nafasi ya glandi, na ile inayonuka kama siki hutoa asidi inayokula shaba. Nikifungua boksi nikakuta limejazwa silikoni, najua kuna kitu fundi hakukipima. Matundu yasiyotumika yazibwe kwa vizibo vyenye meno na waisha, vya IP sawa na glandi.

Kabla ya kuwasha, pima insulesheni kwa mega, kipimio cha insulesheni, ya volti 500, vifaa vyote vikiwa vimetenganishwa. Kiwango cha chini ni megaohimu 1, lakini kebo mpya kavu hutoa namba kubwa zaidi ya hapo mara nyingi. Ukipata 2 au 3 kwenye kazi mpya, tafuta unyevu. Andika namba hiyo ndani ya kifuniko kwa kalamu isiyofutika, pamoja na tarehe. Rudi baada ya mvua za kwanza, ukague kofia kama zimelegea, kwa sababu raba hujipanga upya ikishabanwa, kisha pima tena ulinganishe. Gharama ya kurudi huko iweke kwenye bei tangu siku unapokubaliana na mwenye kazi, na umweleze ni ya nini. Na kama bado huna leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, ya daraja la kazi hiyo, fanya chini ya fundi aliye nayo, naye akague kila glandi kabla stima haijawashwa.